PS4 haisomi diski: tafuta kosa kwanza, lenzi baadaye

Wengi wanaouliza kuhusu PS4 (mashine ya gemu ya PlayStation 4) isiyosoma diski huwa tayari wameshanunua lenzi, yaani kijicho kinachosoma diski. Imefungwa, tatizo liko palepale, na sasa mtu hajui kama ameuziwa lenzi mbovu, kama fundi ameharibu kitu, au kama mashine ndiyo imekufa. Lenzi ni sehemu moja tu kati ya nyingi zinazoweza kuzuia diski isisomeke, na kuibadilisha ni kazi ngumu kuliko zote. Kwa hiyo inakuja mwisho.

Mwongozo huu ni wa PS4 ya kwanza ile nene, Slim na Pro. Hatua ya 1 hadi ya 4 hazihitaji kufungua mashine. Zifuate kwa mpangilio, na diski ikisomeka kwenye hatua yoyote, ishia hapo.

## Vitu vya kuandaa

- Gemu mbili halisi za PS4, angalau moja uwe umeiona kwa macho yako ikisomeka kwenye mashine nyingine.
- DVD moja ya filamu. Utaona kazi yake kwenye hatua ya 3.
- Kitambaa laini kisichoacha nyuzi, kama kile cha kufutia miwani.
- Pamba za masikio zilizokazwa vizuri, zisizochambuka.
- Alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Ile ya duka la dawa mara nyingi ni ya asilimia 70; kinachobaki ni maji, na maji huacha alama kwenye lenzi. Mafundi simu huitumia kusafishia bodi, kwa hiyo ulizia kwenye maduka ya vipuri: Kariakoo kwa walio Dar es Salaam, Luthuli Avenue kwa walio Nairobi.
- Waya wa USB wa pedi (ile unayoshika unapocheza), unaopitisha data. Nyaya nyingi za bei rahisi huchaji tu.
- Flashi ya kuhifadhia sevu zako (kumbukumbu za ulipofikia kwenye kila gemu).

Ukifika kwenye kufungua utahitaji pia bisibisi ya nyota yenye tundu katikati (T8 au T9), bisibisi ndogo ya msalaba, kibano, grisi nyeupe ya gia za plastiki, na simu ya kupigia picha.

Dawa ya meno, petroli, thina na mafuta ya kupikia viweke mbali kabisa na kazi hii.

## Hatua ya 1: Sikiliza mashine inakataa wapi

Ilaze PS4 mahali pa tambarare. Zima redio na feni, maana utahitaji masikio. Iwashe ikiwa haina diski. Draivu (sehemu inayopokea na kusoma diski) iliyo hai hutoa mlio mfupi wa rola, vile vigurudumu vya kuvuta diski, wakati mashine inawaka. Usiposikia chochote, huenda draivu haipati umeme au waya wake umelegea. Nenda moja kwa moja hatua ya 5.

Sasa ingiza gemu, upande wenye picha ukiangalia juu, na ufuatilie kinachotokea.

Diski haivutwi, au inavutwa nusu. Hapa lenzi haihusiki hata kidogo, kwa sababu diski haijaifikia. Shuku rola zilizochakaa au zenye uchafu, au kitu kilichonasa ndani. Kwenye nyumba yenye watoto na kwenye vibanda vya gemu hukutwa sarafu, kadi, hata diski ya pili iliyosukumwa juu ya ya kwanza. Mulika tochi kwenye mdomo wa draivu kabla ya kulazimisha chochote.

Inaingia, halafu kimya. Kimya kina maana mbili. Inawezekana mota ya kuzungusha haifanyi kazi. Inawezekana pia lenzi haioni kitu, na draivu isipoona diski haina sababu ya kuizungusha. Hatua ya 3 itasaidia kutofautisha.

Inazunguka, inapunguza kasi, inajaribu tena, kisha ujumbe unatokea kwamba diski haitambuliki. Hii ndiyo kesi ya kawaida. Ni diski chafu, lenzi chafu au lenzi iliyochoka, kwa mpangilio huo.

Picha ya gemu inatokea kwenye skrini, ila kunakili kunakwama. Furahi. Lenzi imesoma, la sivyo picha isingetokea. Angalia nafasi kwenye hadi diski (hard disk, hifadhi ya ndani ya mashine), kwa sababu gemu za PS4 hunakiliwa kwanza kabla ya kuchezwa na nyingi zinadai makumi ya gigabaiti. Nafasi ikiwepo na bado inakwama mahali palepale kila mara, diski ina mkwaruzo hapo au hadi diski ina sehemu mbovu. Jaribu gemu ya pili: ikinakiliwa hadi mwisho, kosa ni la diski ya kwanza.

Jambo moja kwa wakazi wa pwani. Mashine iliyotoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kikali na kuingia kwenye joto la Tanga au Mombasa hushika umande ndani, na umande ukikaa kwenye lenzi diski haisomeki. Iache ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa kabla ya kuihukumu.

## Hatua ya 2: Safisha diski, na uache dawa ya meno

Shika diski kwa kingo. Ifute kwa kitambaa kikavu kwa mistari iliyonyooka kutoka katikati kwenda nje. Usifute kwa kuzungusha: mkwaruzo unaofuata mviringo hufunika data nyingi zinazofuatana, wakati ule unaokatiza hugusa kidogo tu katika kila mzunguko na draivu huweza kuurekebisha. Kama kuna mafuta ya vidole au soda, tumia maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, suuza, kausha.

Sasa kuhusu dawa ya meno. Ushauri huu ulitoka enzi za CD na DVD, na kule ulikuwa na mantiki. Kwenye CD data iko milimita 1.2 kutoka upande unaosomwa, na kwenye DVD iko milimita 0.6, kwa hiyo kulikuwa na plastiki ya kutosha kusugua mpaka mkwaruzo ulainike. Diski ya PS4 ni Blu-ray. Data yake iko milimita 0.1 tu chini ya uso, na juu yake kuna tabaka gumu jembamba la kuilinda. Ukiisugua kwa dawa ya meno unaondoa ulinzi huo, na diski iliyokuwa ikisoma kwa shida haitasoma tena. Mashine za kung'arishia CD nazo ni vivyo hivyo, hata mwenye mashine akikuapia.

Angalia pia pete ya katikati. Ufa mdogo unaoanzia kwenye tundu hutosha kuifanya diski iyumbe inapozunguka. Diski ya namna hiyo usiirudishe ndani. Inaweza kupasukia humo.

Umefaulu ikiwa diski ile ile sasa inatokea kwenye skrini. Ikigoma huku ya pili ikisoma, mashine yako ni nzima.

## Hatua ya 3: Pima kwa aina mbili za diski

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayosema mengi kuliko zote.

Ndani ya lenzi ya PS4 kuna miale tofauti: wa buluu-zambarau wenye urefu wa wimbi wa nanomita 405 kwa ajili ya Blu-ray, na mwekundu wa nanomita 650 kwa ajili ya DVD. Mmoja unaweza kufa na mwingine ukabaki. Kwa hiyo ingiza gemu, kisha DVD ya filamu, na ulinganishe.

DVD ikisoma na gemu zote zikikataa, basi mota, rola na umeme wa draivu ni vizima. Kosa liko kwenye mwale wa buluu au kwenye uchafu wa lenzi. Mwale huo husoma alama ndogo zaidi, hivyo vumbi huuathiri mapema. Kusafisha kuna nafasi nzuri ya kufaulu.

Gemu zikisoma na DVD ikikataa, usiguse kitu. Pengine ni suala la kanda, ambalo nalieleza hapa chini.

Vyote vikikataa, shuku kitu kinachotumika na miale yote miwili: utepe wa waya, mota, reli ya lenzi, au lenzi nzima.

Kabla hujatoa hukumu, hakikisha diski ya kupimia ni ile ambayo PS4 inakubali. PS4 haichezi CD za muziki. Haichezi gemu za PS2, PS3 wala PS5. Haichezi filamu za Blu-ray za 4K, hata kwenye Pro. Gemu iliyochomwa kwenye diski tupu nayo haisomi. Na filamu, ziwe DVD au Blu-ray, hazichezi mpaka mashine iunganishwe na intaneti mara moja ili kuruhusu huduma hiyo. PS4 ya mtumba iliyofutwa upya na ambayo haijaonja intaneti itakataa DVD bila kuwa na ugonjwa wowote.

Kanda, yaani maeneo ya dunia ambayo filamu hutengenezewa, nazo zinawachanganya wengi. Gemu za PS4 kwa kawaida hazifungwi kwa kanda, ila filamu zinafungwa. DVD rasmi za Afrika Mashariki ni kanda ya 5. PS4 iliyotoka Uingereza au Dubai ni kanda ya 2, na ya Marekani ni kanda ya 1. Kwa hiyo tafuta DVD isiyo na kanda, au inayolingana na mahali mashine ilikotoka.

## Hatua ya 4: Ondoa uwezekano wa kosa la programu

Umeme ukikatika ghafla mashine ikiwa inaandika kwenye hadi diski, orodha yake ya mafaili inaweza kuvurugika, na PS4 ikaanza kukataa hata diski isiyo na kasoro. Dawa yake haihitaji bisibisi.

Kwanza nakili sevu zako kwenye flashi. Zima mashine kabisa, isiwe kwenye hali ya kusinzia (rest mode). Bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie: utasikia mlio wa kwanza, na baada ya sekunde 7 hivi mlio wa pili. Achia. Unganisha pedi kwa waya wa USB na ubonyeze kitufe cha PS. Pedi isipoitika, badilisha waya.

Utaona orodha yenye namba. Chagua namba 5, inayojenga upya orodha ya mafaili. Gemu na sevu hazifutwi. Inaweza kuchukua dakika chache au muda mrefu kulingana na ukubwa na ujazo wa hadi diski; usiizime katikati. Usichague namba 6 wala 7: zote mbili hufuta kila kitu.

Ikimaliza, hakikisha programu ya mfumo ni ya karibuni, kisha ingiza gemu.

## Hatua ya 5: Fungua na uangalie nyaya

Hapa ndipo kama mashine bado ina dhamana unapaswa kusimama, kwa sababu skrubu za nyuma ziko chini ya stika za dhamana.

Chomoa waya wa umeme na usubiri angalau nusu saa. Pawasapulai ya PS4 iko ndani, na kapasita zake hubaki na umeme wa hatari hata baada ya kuchomoa. Usiifungue na usiguse sehemu zake za chuma.

Soma namba ya modeli kwenye lebo, inayoanza na CUH, na utafute video ya modeli hiyo hiyo, si ya inayofanana nayo. CUH-10 na CUH-11 ni zile nene za mwanzo, CUH-12 ni nene ya mwisho, CUH-20 hadi CUH-22 ni Slim, CUH-70 hadi CUH-72 ni Pro. Mpangilio wa ndani unatofautiana, na aliyefuata video isiyo yake ndiye anayechana utepe. Piga picha kila unapotoa kitu, na panga skrubu kwa kufuata ulivyozitoa, kwa sababu urefu wake haulingani.

Ukiifikia draivu, tafuta tepe bapa zinazoiunganisha. Chomeo za tepe hizi nyingi zina kijifungo chembamba cha plastiki kinachoinuliwa kwa ukucha. Kiinue kwanza, ndipo utepe utoke wenyewe bila kuvutwa. Kijifungo hicho kikivunjika kazi inahamia kwa fundi wa bodi.

Kagua ncha za utepe. Zinapaswa kung'aa, bila mkunjo wala weusi. Zifute kwa pamba yenye alkoholi kidogo, acha zikauke, rudisha utepe ukiwa umenyooka kabisa, kisha funga kijifungo. Kuna PS4 zinazopona hapa, hasa zilizowahi kuanguka au zilizopita mikononi mwa fundi aliyekuwa na haraka.

## Hatua ya 6: Safisha lenzi, reli na rola

Toa mfuniko wa chuma wa draivu. Utaona rola za mpira karibu na mdomo, kitovu kinachoshika diski, na kando yake lenzi: kijicho cha kioo kilicho juu ya kigari kinachoteleza kwenye reli mbili.

Lenzi hiyo imening'inizwa kwa nyuzi nyembamba mno. Ukiigusa hucheza, na ndivyo inavyotakiwa, maana wakati wa kusoma hupanda na kushuka kufuata mtikisiko wa diski. Ukiikandamiza, nyuzi hupinda na haitarudi mahali pake. Lowesha pamba kwa alkoholi, iminye ibaki na unyevu tu, kisha iache uzito wake wenyewe ulale juu ya kioo na uizungushe taratibu kutoka katikati. Fuatisha pamba kavu kwa namna ile ile. Mulika tochi kwa pembeni: kioo kiwe na mng'ao wa rangi ulio sawa pote, bila ukungu wala alama.

Usipulize kwa mdomo, mate yatatua kwenye lenzi. Upepo wa kompresa ya gereji nao una nguvu kupita kiasi na hubeba maji.

Kisha reli. Grisi ya kiwandani huchanganyika na vumbi ikawa kama lami, na kigari kikakwama kabla ya kufika kwenye sehemu ya diski inayotafutwa. Futa yote ya zamani, paka nyeupe kidogo sana, na usogeze kigari kwa kuzungusha gia yake kwa kidole. Kitembee mwanzo hadi mwisho bila kusita. Mafuta ya cherehani hayafai: hutiririka na kuishia kwenye lenzi.

Rola zifute kwa kitambaa chenye unyevu mpaka weusi uishe. Mpira uliokuwa unateleza utaanza kushika kidole chako.

Kama umezoea PS2, utatamani kuzungusha skrubu ndogo za kurekebisha nguvu ya mwale. Kwenye lenzi ya Blu-ray usifanye hivyo. Na usiwashe draivu ikiwa wazi huku umeinamia: mwale wa buluu-zambarau hauonekani vizuri kwa macho, lakini unaweza kuyaumiza.

Rudisha vifuniko vyote ndipo ujaribu.

## Hatua ya 7: Sasa ndiyo lenzi

Umefika hapa kwa sababu diski ni nzima, aina zote mbili zimepimwa, programu iko sawa, tepe ni safi, kigari kinateleza, na bado gemu haisomi. Sasa fedha ya lenzi ina maana.

Usinunue kwa kusema "lenzi ya PS4". Soma namba iliyoandikwa kwenye ile ya zamani. Kwenye zile nene utakuta 860 au 490. Kwenye Slim na Pro utakuta 496. Haziingiliani. Mbele ya namba kuna herufi: KES ni lenzi peke yake, KEM ni lenzi ikiwa na kigari, reli na mota vyote pamoja. Kama si fundi, nunua KEM. Inaongezeka bei kidogo, lakini unafunga kitu kizima bila kugusa lenzi, na mota iliyochoka nayo inabadilika.

Baadhi ya lenzi mpya huja na tone dogo la risasi ya kulehemu linalounganisha vituo viwili, ili umeme tuli wa mikononi usiiue. Lisipotolewa lenzi haitawaka, na ndipo mtu husema ameuziwa mbovu. Linatolewa kwa pasi ya kulehemu yenye ncha ndogo, baada ya kufunga utepe.

Kosa linalogharimu kuliko yote ni kununua draivu nzima iliyotoka kwenye PS4 nyingine. Kwenye CUH-10 na CUH-11, kibao cha elektroniki kilicho ndani ya draivu kimeoanishwa kwa msimbo wa siri na ubao mkuu wa mashine hiyo hiyo. Ukiweka kibao cha mashine nyingine, gemu hazisomi hata lenzi iwe mpya. Unaweza kuchukua chuma, rola na lenzi za draivu nyingine, ila kibao chako cha asili lazima kibaki. Kuanzia CUH-12, na kwenye Slim na Pro, sehemu hiyo imehamia ubao mkuu, kwa hiyo draivu nzima ya modeli ile ile inaweza kuhamishwa.

## Hatua ya 8: Jaribio la mwisho

Ingiza gemu ambayo haijawahi kunakiliwa kwenye mashine hiyo. Picha itokee ndani ya nusu dakika hivi, na kunakili kuendelee hadi mwisho. Toa, ingiza tena. Kisha jaribu mashine ikiwa imesimama, kama huwa unaisimamisha. Ikisoma ikiwa imelala tu, kitovu hakijashika vizuri au skrubu za draivu hazijakazwa sawa.

Ikikataa baada ya lenzi sahihi na tepe safi, kilichobaki ni kibao au ubao mkuu, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye hadubini. Wakati unatafuta fedha, gemu ulizonunua mtandaoni zitaendelea kucheza kwenye PS4 hiyo. Ila kama ni CUH-10 au CUH-11, usimwachie mtu kibao cha zamani kwa kudhani ni takataka: bila hicho, hata kusasisha programu ya mfumo kutagoma.